Shati kwanza, krimu baadaye: jinsi ya kujikinga na jua kama kazi yako iko nje

Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Nashona Kadutu, hapa Bukavu, na wateja wangu wengi ni watu wa juani: masoni, yaani waashi, na wasaidizi wao, vijana wa moto, yaani pikipiki, akina mama wanaobeba mchanga na mawe kutoka kando ya ziwa, wauza yuniti za simu, polisi wa barabarani. Kitambaa nakijua. Mambo ya ugonjwa, hasa saratani ya ngozi, nimeyapata kwa wauguzi na madaktari wanaomwangalia mtoto wa dada yangu, ambaye ni mwenye ualbino, maana mimi ndiye ninayemsindikiza. Humu nimeandika yale ninayowaambia wateja nikiwa nawapima, ila mteja mwenyewe husikiliza nusu tu kwa sababu ana haraka ya kurudi shantie, kwenye ujenzi.

Neno langu kubwa ni moja: pesa yako ya kwanza iweke kwenye kitambaa. Krimu ina kazi yake na nitaifikia, lakini mtu anayenunua krimu huku anafanya kazi na singlendi ameanza na mkia.

Usipime jua kwa joto

Mtu wa Uvira akipanda Bukavu hucheka, anasema huku hamna jua. Kule chini joto linamfukuza mtu kivulini hata kama hataki. Huku upepo wa Kivu unakupapasa, unabaki juu ya paa mpaka saa saba bila kuona shida yoyote. Lakini kinachoharibu ngozi si joto. Ni mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni na ngozi haiisikii inapoingia. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Tena tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na miezi mingine haliendi mbali. Kuna kipimo cha mionzi hiyo kinachotumika dunia nzima: kikifika 3 unatakiwa kujikinga, kikifika 11 kinaitwa cha kupindukia. Mchana wa kwetu, mbingu ikiwa wazi, kufika 11 na kupita ni jambo la kawaida.

Na wingu lisikudanganye. Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi. Siku zile za kijivu, watu wanapovua kofia wakisema leo Mungu ametuhurumia, ndizo ninazowaona wakirudi na shingo inayowasha.

Basi upime kwa nini? Kwa kivuli chako. Simama mahali pa wazi, tazama chini. Kivuli kikiwa kirefu kukuzidi, jua bado ni la kuzungumza nalo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jifunike. Kwetu hiyo ni kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi kama saa tisa alasiri, na saa sita ndipo kilele. Hakuna haja ya simu wala redio.

Nani anahusika

Wateja huniambia: «Mama fundi, hiyo ni saratani ya wazungu.» Wana sehemu yao ya ukweli, na sipendi kuwatisha watu bure. Ngozi nyeusi imevaa kinga yake tangu kuzaliwa. Ukiipima kama wanavyopima krimu za kuzuia jua, inafika kwenye namba 13 hivi ya kinga, wakati ngozi nyeupe inafika 3 na kidogo. Kwa hiyo mtu mweusi wa kawaida hapati kwa urahisi saratani ya ngozi inayoletwa na jua.

Lakini kinga hiyo ina matundu. Mdomo wa chini hauna rangi nyingi ya kuukinga. Weupe wa jicho nao hauna ya kutosha. Kovu kubwa la kuungua moto au kidonda cha miaka mingi ni mahali ambapo saratani hupenda kuanzia kwa watu weusi, hata pale jua lisipofika. Aliyejichubua na mkorogo ameivua kinga yake kwa mikono yake. Mwenye mabaka meupe ya vitiligo, pale kwenye baka hana kinga. Na mwenye ualbino hana popote. Kwake mionzi inaingia tangu utotoni, na saratani humjia mapema, mara nyingi kabla ya miaka 40, kwenye masikio, uso, midomo, shingo na mabega.

Kwa wakubwa wa kazi wanaopenda kuona namba: mwezi Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba karibu kifo kimoja kati ya kila vitatu vya saratani ya ngozi isiyo melanoma (melanoma ni ile kali ya seli za rangi, nitaifikia) kinatokana na kufanya kazi chini ya jua. Watu karibu 19,000 kwa mwaka 2019 pekee. Ni ugonjwa wa kazini, sawa na mguu uliovunjwa na jiwe la shantie, isipokuwa wenyewe unachukua miaka mingi kujitokeza, na wakati huo kapita, yaani msimamizi wako, ameshahamia kazi nyingine.

Kuchagua kitambaa

Chukua nguo, inyanyue kuelekea dirishani au kwenye taa, weka vidole nyuma yake. Ukiona umbo la vidole, jua nalo linaona ngozi yako. Ukiona kiza tu, nunua. Hii ndiyo mashine yangu ya kupimia, na hata kwenye mitumba unaweza kuitumia mbele ya muuzaji bila kumwomba ruhusa.

Fulana nyeupe nyembamba ya pamba, ile inayogawiwa kwenye kampeni, inasimama kwenye kipimo cha kinga cha kama 5 hadi 7. Ikilowa jasho au mvua inashuka hadi kama 3. Kwa hiyo yule kijana anayelowesha fulana kwa maji apoe, amepoa kweli, lakini amejivua nusu ya nguo. Jinzi karibu haipitishi kitu. Kaki ya suruali za shule ni nzuri sana, na ndiyo ninayoshauri kwa mashati ya shantie: imefumwa kwa kubana, inavumilia kufuliwa, na bei yake si ya kulia. Kikwembe, yaani kitenge, kinategemea. Kile kizito cha nta kinafaa. Kile cha bei ya chini ambacho rangi yake imeshatoka ukikisugua mara mbili ni chandarua.

Rangi ya kiza huzuia mionzi kuliko rangi nyeupe ya kitambaa hicho hicho. Najua, rangi ya kiza inashika joto. Ndiyo maana nashona kwa upana. Shati lisiguse mwili, upepo upite chini yake, na utaona kwamba shati pana la bluu ni poa kuliko fulana nyeupe iliyokubana. Kubana kuna ubaya mwingine: kitambaa kikivutwa matundu yake yanafunguka.

Mahali pa kuangalia kwenye shati la zamani ni mabegani. Hapo ndipo jua linapopiga wima na ndipo kitambaa kinapochakaa kwanza, sawa na pale mzigo unapokalia. Shati likiwa zima kila mahali na mabega yamekuwa kama utando, usilitupe. Mwambie fundi akuwekee bega la pili: kipande cha jinzi ya zamani kutoka shingoni hadi mwisho wa bega, mbele kishuke sentimita 10, nyuma sentimita 15. Ni kazi ya muda mfupi. Kwa wabebaji bega hilo linasaidia pia dhidi ya msuguano wa gunia. Na kola, iache iwe ndefu, sentimita 5 au 6, ya kusimamishwa. Vijana hawaipendi. Nawaambia wailaze Jumapili.

Mikono iwe mirefu. Asiyetaka shati la mikono mirefu kwa sababu ya sementi au mnyororo wa moto, namshonea mikono ya kuvaa peke yake: vipande viwili kutoka mashati ya mitumba, mpira juu ya kiwiko na mpira laini kwenye kifundo, na ulimi mdogo unaofunika mgongo wa mkono, wenye kitundu cha kidole gumba. Vijana wa moto wanaipenda hii. Mikono yao imeshika usukani kutwa nzima, migongo ya viganja ikitazama juu, na hakuna mtu mwingine anayekaa hivyo kwa saa nyingi namna ile.

Kofia, na hapa nitakawia

Kepi siyo kofia ya kazi. Inakinga paji la uso na pua, basi. Masikio yako nje, shingo iko nje, na hayo ndiyo maeneo ambayo madaktari wanayaangalia kwanza. Unahitaji ukingo unaozunguka pande zote, usiopungua sentimita 7 na nusu. Mimi nashona 10 kwa mwenye ualbino, 8 kwa wengine.

Kama una cherehani au una fundi jirani, vipimo ndivyo hivi. Pima kichwa juu kidogo ya masikio na uongeze sentimita 1 ya nywele na jasho. Tuseme umepata 58. Gawa kwa 6.28, unapata 9.2: hiyo ni nusu kipenyo ya kichwa chako. Kwa ukingo wa sentimita 10 chora duara la ndani lenye nusu kipenyo 8.2 na la nje lenye 20.2, ile sentimita moja moja ni ya mshono. Kata vipande viwili vya kitambaa, na kimoja cha kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola za mashati. Kipande cha juu kiwe rangi unayotaka. Cha chini kiwe cheusi au bluu ya kiza, maana mwanga unaorudi kutoka kwenye mchanga, ziwa au ukuta mweupe hugonga upande wa chini wa ukingo, na ukikuta kitambaa cheupe unarudishwa usoni. Unganisha kwa nje, geuza, halafu piga mishono ya kuzunguka kila baada ya sentimita moja. Hiyo mishono ndiyo inayoufanya ukingo usilale baada ya mvua ya kwanza.

Kwa mwili wa kofia kata mkanda wa sentimita 60 kwa 11 na duara la juu lenye nusu kipenyo 10.2. Kabla ya kuunganisha ukingo na mkanda, kata chanjo ndogo ndogo kuzunguka duara la ndani, zisifike kwenye mstari wa mshono. Fundi asiyekata chanjo atakuletea kofia inayokunja uso. Mwisho weka kamba ya kidevuni. Hiyo usiiache. Upepo wa ziwani ukishairusha kofia yako mara ya pili, mara ya tatu utaiacha nyumbani.

Kwa anayevaa helmeti ya shantie, kofia ya ukingo haiingii. Hapo shona pazia la shingo: kitambaa cha upana wa sentimita 36 na urefu wa 20, kinachoshikwa na vifungo vya kubana ndani ya helmeti, kwenye ule mkanda wa plastiki, bila kutoboa helmeti. Usitoboe kabisa, helmeti yenye tundu haifai tena. Pazia liwe na mkunjo katikati ili shingo igeuke. Helmeti ya moto nayo inaacha shingo nyuma, na skafu ya kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana inatosha.

Walionisumbua zaidi ni akina mama wabebaji. Mzigo wao uko mgongoni na kamba inapita kwenye paji la uso. Kofia yoyote ukiweka, kamba inaiponda. Tulichofanya ni hiki: kikwembe kizito kinakunjwa mara mbili, kinawekwa kichwani chini ya kamba, kingo zake zinashuka hadi mabegani zikifunika masikio. Mbele, pale kamba inapokaa, nashona kifuko chembamba chenye sponji ili kamba isiumize, na juu yake kidirisha kigumu cha sentimita 7 kama cha kepi, kinachotokeza mbele kupita kamba. Mama mmoja aliniambia anaonekana kama bata. Kesho yake alileta wenzake wanne, kila mmoja na kitambaa chake.

Krimu

Tupige hesabu. Ili krimu ifanye kazi iliyoandikwa kwenye chupa, lazima upake nyingi: mwili mzima wa mtu mzima unakula kama mililita 30 hadi 35. Uso, masikio na shingo peke yake ni kijiko cha chai kilichojaa. Na inarudiwa kila baada ya saa mbili, mapema zaidi ukitoka jasho jingi. Chupa ya mililita 100, kwa mwili mzima, imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa uso, masikio na viganja utaenda nayo siku chache. Ndiyo maana nasema vaa shati, kisha krimu uiweke pale tu ambapo kitambaa hakifiki.

Kwenye famasi zetu chupa nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa. Tafuta namba 30 au 50 mbele ya SPF au FPS, ambayo ni kipimo cha kinga dhidi ya jua, na maandishi UVA na UVB kwa pamoja, yaani aina mbili za ile mionzi. Namba 30 huzuia kama asilimia 97, namba 50 inaongeza kidogo tu. Tofauti ya bei ikiwa kubwa, nunua 30 na upake ya kutosha. Angalia tarehe. Usinunue chupa iliyokuwa imepangwa juani barabarani, kwa sababu joto huiharibu, na kwa sababu hiyo hiyo usiiache juu ya moto yako. Paka robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka. Usisahau masikio kwa nyuma. Midomo ina fimbo yake ya kupaka yenye SPF.

Mafuta ya mawese, vazelini, mafuta ya nazi: vinang'arisha, havizuii jua. Mwenye ngozi nyeusi iliyo nzima, kama ana shati, kofia na miwani, kwa maoni yangu hahitaji kujinyima chakula ili anunue krimu. Mwenye ualbino anaihitaji kila siku, hata siku ya mvua, na aulizie kwa vyama vya wenye ualbino kabla ya kulipa bei ya famasi. Tanzania, kwenye kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC kule Moshi, wanatengeneza krimu iitwayo Kilisun makusudi kwa ajili yao. Natamani tungekuwa na cha kwetu hapa Kivu.

Mkorogo sasa. Hapa huwa napandisha sauti. Nawaona mabinti wanaouza nyanya juani wakiwa wamepaka hidrokinoni asubuhi. Dawa hiyo inazuia ngozi kutengeneza rangi, yaani inalegeza ile kinga ya 13 niliyoitaja. Nyingine zina kotikosteroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, nyingine zina zebaki. Halafu jua likiwababua, uso unapiga madoa meusi, wanaongeza mkorogo. Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi tu, wamezipiga marufuku na polisi wanazikamata madukani. Kama umeamua kuacha, usiache kwa kishindo ikiwa umetumia muda mrefu. Nenda kituo cha afya wakuelekeze. Na tangu siku hiyo kofia isitoke kichwani.

Macho

Miwani ya kiza isiyochuja mionzi ni mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu nyuma ya kioo cheusi mboni inafunguka na kukaribisha kila kitu. Tafuta alama UV400. Kwa miwani ya barabarani pale Nyawera alama hiyo inaweza kuwa kibandiko tu, kwa hiyo mimi napendekeza njia ya mzunguko: miwani ya kazi ya plastiki ngumu, polikaboneti, ile ya wazi ya kukinga vumbi. Polikaboneti yenyewe huzuia mionzi hata ikiwa haina rangi, na inakinga jicho dhidi ya kipande cha jiwe. Ukingo wa kofia nao unapunguza karibu nusu ya kinachofika machoni.

Nyama inayoota kwenye weupe wa jicho ikielekea kwenye mboni, wengi wa masoni wanaijua. Mara nyingi si saratani. Lakini katika nchi zetu za ukanda huu ipo saratani ya utando wa jicho inayohusiana na jua na inayowapata zaidi wenye virusi vya Ukimwi, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Nyama ikikua haraka, ikiwa na rangi nyekundu au nyeupe ya kukwaruza, au ikitoa damu, ni ya daktari wa macho. Maji ya majani usitie.

Mafundi wa kuchomelea vyuma, ninyi mnajitengenezea jua lenu wenyewe kwenye kibanda. Miwani ya kiza ya barabarani haiwasaidii chochote. Inatakiwa ngao ya uso yenye kioo cha kuchomelea, na kola iliyofungwa mpaka juu.

Kuongea na kapita

Kuna mambo ambayo shati haliwezi. Siku ya kumwaga dala, yaani sakafu ya zege, huwezi kusimama saa sita ukasema unapumzika, zege haimsubiri mtu. Lakini unaweza kumwomba Papa kapita mapema, siku mbili kabla, kwamba kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, ili sehemu kubwa imalizike vivuli vikiwa bado virefu. Kupiga mabati vivyo hivyo: mabati mapya yanarudisha mwanga kutoka chini, na fundi wa paa anapigwa pande mbili. Kufunga vyuma, kuchanganya, kukata mbao, hizo ni kazi zinazoweza kuhamia chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne. Turubai nalo lipime kwenye mwanga kama nguo. Kisha lishushe upande wa mwanga, kwa sababu sehemu kubwa ya mionzi inatoka mbinguni pande zote, wala si kwenye jua lenyewe tu. Ukiwa chini ya mwavuli wa muuza yuniti na bado unaona anga pana mbele yako, unachomwa polepole. Mtoto wa dada yangu huuza yuniti chini ya mwavuli kama huo. «Mama mdogo, si niko kivulini?» ndilo lilikuwa jibu lake kila nilipomtaka avae mikono mirefu, mpaka nilipomshonea pazia la kaki linaloning'inia kwenye ukingo wa mwavuli upande wa barabara. Sasa anavaa vyote viwili, na wateja wake wanasimama kivulini kwake hata wasiponunua.

Maji mtajua wenyewe. Kikombe kila baada ya dakika ishirini jua likikaza, hata bila kiu.

Kujikagua

Ninapompima mtu shingo na mgongo, naona vitu ambavyo yeye hawezi kuviona. Kwa hiyo usijikague peke yako: mke, mume, ndugu akutazame nyuma ya masikio, utosini, mgongoni. Mara moja kwa mwezi inatosha, mwanga wa mchana, mlangoni.

Kinachotafutwa ni kidonda ambacho wiki nne zimepita hakijafunga, au kinafunga na kufunguka tena. Gamba gumu linalorudi kila ukilitoa. Uvimbe unaotoa damu ukiguswa na taulo. Mdomo wa chini wenye ukurutu mweupe usioisha. Kovu la zamani la moto ambalo limekaa kimya miaka na sasa limeanza kutoa maji au kunuka. Kwa mwenye ualbino usingoje wiki nne. Ukurutu wowote mpya aende nao, na hata bila kitu apimwe na mtu wa ngozi kila baada ya miezi michache.

Halafu vua viatu. Melanoma, ile saratani kali inayotokana na seli za rangi, kwa watu weusi hujificha zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na hiyo hailetwi na jua. Kofia zangu zote hazikusaidii hapo. Vijana huniletea fulana za Bob Marley nizipunguze kiuno. Nawauliza kama wanajua alikufa na nini. Ilianza chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikagunduliwa mwaka 1977, na Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Doa jeusi unyayoni linalotanuka au lenye kingo zisizo sawa, mstari mweusi kwenye ukucha mmoja ambao unapanuka au unaopaka rangi hadi kwenye nyama ya pembeni, kidonda cha kisigino kinachosingiziwa mwiba kila siku: hivyo ni vya kuonyesha.

Wa kwanza kuonyeshwa ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wako. Mwombe karatasi ya kukutuma kwenye hospitali kubwa, iwe ya Mkoa au Panzi, na ukifika sema wazi kwamba unataka kujua kama wanaweza kukata kipande kidogo na kukipima, kwa sababu bila kipimo hicho utapewa pomada moja baada ya nyingine. Kata hiyo ni ya ganzi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kabla ya kwenda, piga picha ya doa kwa simu ukiwa umeweka rula ya fundi pembeni, na upige nyingine baada ya wiki mbili kwa umbali ule ule. Daktari akiona sentimita zimeongezeka, foleni yako itakuwa fupi. Asiye na rula aje kwangu, futi za zamani ninazo nyingi, nitamkatia kipande.